Mtandao wa Shamba Nao Una Wenyewe

Neno hili "simu", tulitumialo kila siku, ni kongwe kuliko hicho kidude kilichomo mfukoni mwako. Asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni waya. Waya wa habari wa kwanza ulitufikia hapa Unguja mwaka 1879. Mwezi wa Januari mwaka huo majeshi ya Waingereza yalishindwa na Wazulu pale Isandlwana, Afrika ya Kusini, na habari hiyo ikachukua karibu wiki tatu kufika London. Wakubwa wa dola ile walishtuka, wakaharakisha kulaza waya chini ya bahari kutoka Aden, kupitia Unguja, hadi Afrika ya Kusini. Na kabla ya mwaka kumalizika kazi ilikuwa imekwisha. Kisiwa cha Bawe, kile kionekanacho ukisimama Forodhani ukatazama baharini, kilipewa Kampuni ya Eastern Telegraph kuwa kituo cha waya huo.

Tangu hapo mfanyabiashara wa Shangani akawa anaweza kupata habari za London bila ya kungoja meli. Lakini mvuvi wa Nungwi, mkulima wa Donge na mama wa Makunduchi waliendelea kupelekeana habari kwa miguu, kwa punda na kwa ngalawa, kama walivyofanya babu zao. Waya ulifika kisiwani kwao, wala haukuwa wao.

Leo, zaidi ya miaka 140 baadaye, waya umekuwa wa kioo chembamba kama unywele, na habari hupita ndani yake kwa nuru. Minara imesimama hata shamba, na mzee wa Kizimkazi anaweza kuonana uso kwa uso na mwanawe aliyeko Maskati. Hayo ni maendeleo, na hatuna budi kuyashukuru. Hata hivyo tabia moja ya waya haijabadilika tangu siku za Bawe: hufika mjini kwanza na shamba mwisho; na unapokatika, shamba huumia mwanzo na kupona mwisho. Ndiyo maana leo hatutaki kuzungumza juu ya kuupeleka mtandao shamba. Hayo yamekwisha kusemwa na wengi. Tunataka kuzungumza juu ya kuulinda ubaki huko.

Pengine utasema: mimi nakaa Michenzani, au Kikwajuni, au humu humu Mji Mkongwe, ya shamba yanihusu nini? Ndugu msomaji, jiulize kwanza mama yako au shangazi yako yuko wapi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na zaidi ya nusu yao wanaishi nje ya Mkoa wa Mjini Magharibi. Ni nadra kumkuta mtu wa mjini asiyekuwa na jamaa shamba wa kumpelekea fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mtandao wa shamba ukifa, nusu ya ukoo wako imenyamaza.

Juu ya jambo hili tuna somo letu wenyewe, nalo si la vitabuni. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kwa karibu miaka 30 kisiwa kizima kiliutegemea waya huo mmoja. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ukakatika, na giza likadumu kwa muda wa karibu mwezi mzima. Huduma iliporudi, wengi walihesabu kuwa ile ilikuwa ajali ya mara moja, yamekwisha. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, na akina mama wakarudi kwenye ndoo na foleni za visimani. Mwenye uwezo alinunua jenereta, na ngurumo zake zikajaa vichochoroni. Asiyekuwa na uwezo alirudi kwenye koroboi.

Hasara ya giza lile haikwisha siku taa zilipowaka. Mtaalamu mmoja wa uchumi, Alfredo Burlando, alizichunguza baadaye kumbukumbu za wodi ya wazazi hapa Unguja. Alikuta kwamba watoto waliozaliwa miezi saba hadi tisa baada ya giza la mwaka 2008, yaani wale ambao mama zao walikuwa na mimba changa wakati ule, walizaliwa na uzito pungufu. Sababu aliyoieleza ni kupungua kwa kipato cha nyumba: kazi zilizotegemea umeme zilisimama, na fedha ya chakula ikapungua. Tafakari jambo hilo. Hitilafu ya waya mmoja ilikuja kuonekana katika mizani ya mkunga.

Tulijifunza, lakini tulijifunza kwa gharama. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya mpya wenye uwezo wa megawati 100. Wazee wetu walikwisha kutuambia kwamba tahadhari ni kabla ya athari. Sisi tuliitanguliza athari.

Basi tusilirudie kosa hilo katika mtandao. Wengi hudhani kwamba mazungumzo yao na ndugu walioko Ulaya hupita angani kwenye setilaiti. Sivyo. Zaidi ya asilimia 95 ya mawasiliano baina ya mabara hupita katika mikonga iliyolazwa chini ya bahari. Mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy, wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000 kutoka Afrika ya Kusini hadi Sudan, ulianza kazi mwaka 2010. Kwa mikonga hiyo bei ilishuka na kasi ikapanda katika Afrika ya Mashariki yote. Lakini mkonga nao hukatika. Duniani kote hutokea hitilafu kiasi cha 150 hadi 200 kila mwaka, na nyingi katika hizo husababishwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi.

Mwezi wa Februari 2024 mikonga kadhaa, SEACOM ikiwamo, ilikatika katika Bahari ya Shamu. Kabla njia hiyo ya kaskazini haijatengenea, tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika kusini, karibu na Durban. Tanzania ikawa imebanwa pande zote mbili. Kasi ya intaneti ilianguka nchi nzima, hata Ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam ukasimamisha huduma zake kwa umma kwa siku mbili. Huduma ilirudi kidogo kidogo, kwa kuyapitisha mawasiliano katika njia nyingine zilizosalia huku meli ya mafundi ikitafuta pahala palipokatika.

Siku kama zile mtu wa mjini hupata taabu, hatukatai. Lakini yeye ana pa kukimbilia. Kampuni hii ikilala atabadilisha laini. Wakala wa fedha hana salio, atavuka barabara kwenda kwa mwingine. Vyote vikishindikana ataingia benki kwa miguu yake. Mtu wa shamba mara nyingi ana mnara mmoja na wakala mmoja. Mnara huo ukizimika, dawa yake ni nauli ya gari kuja mjini, na siku nzima ya kazi kupotea. Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya usumbufu na hasara.

Na hasara hiyo inaweza kuwa ya roho. Baina ya mwaka 2009 na 2010 ulifanywa hapa Unguja uchunguzi mkubwa juu ya simu na uzazi. Walihusishwa wanawake wajawazito 2,550 katika vituo vya afya 24 vya wilaya sita. Nusu ya vituo hivyo vilitumia simu: mama alipelekewa ujumbe wa kumkumbusha kliniki, na akapewa vocha ili aweze kumpigia mkunga wakati wa shida. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Katika kundi la simu, wanawake 60 katika kila 100 walizalishwa na mtaalamu. Katika kundi jingine walikuwa 47. Lakini wachunguzi walipozichambua hesabu zao, waliona kuwa faida ile katika uzazi iliwafikia wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia.

Hatusemi kwamba mtandao ndio sababu peke yake. Umbali wa hospitali, ubovu wa usafiri na ufukara wa nyumba, vyote vimo. Tunalosema ni hili: chombo kile kile, katika kisiwa kile kile, kilimnyanyua wa mjini na kumwacha wa shamba pale pale alipokuwa. Chombo kipya hakileti usawa kwa nafsi yake. Usawa hauna budi kutafutwa kwa makusudi.

Zanzibar imekwisha kuutafuta, na mfano upo. Mpango wa Jamii ni Afya, ambao mwaka 2021 ulienea katika wilaya zote za Unguja na Pemba, huwatumia wahudumu wa afya wa kujitolea wapitao nyumba kwa nyumba wakiwa na simu mkononi. Simu humwongoza mhudumu maswali ya kumuuliza mjamzito, humwonyesha dalili za hatari, na hupeleka taarifa zake Wizara ya Afya. Mpango uliotangulia huo ulitumia hata fedha za simu kumlipa dereva wa kumkimbiza mama hospitali. Jengo zuri kama hilo, ndugu msomaji, limesimama juu ya msingi wa mtandao. Msingi ukiyumba, kazi ya mhudumu haina budi kuyumba nayo.

Ongeza na mengine uyajuayo. Matokeo ya mitihani ya mtoto wako aliye skuli hutangazwa katika intaneti, na maombi ya mkopo wa chuo hufanywa humo humo. Ada za Serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayoingia katika simu. Akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani huweza kuuliza bei kabla ya kumuuzia mnunuzi, na mvuvi huweza kuutazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kutweka tanga. Zamani mtu asiyekuwa na simu alikosa mazungumzo. Siku hizi anakosa huduma ambazo yeye mwenyewe amezilipia kwa kodi yake.

Kwa nini basi mtandao wa shamba ni dhaifu? Jibu halina siri. Kampuni ya simu ni duka, na mwenye duka huweka bidhaa penye wanunuzi. Mnara wa shamba una wateja wachache, tena wanunuao bando dogo dogo. Lakini gharama ya kuujenga, kuutia umeme na kuupelekea fundi si ndogo kuliko ya mnara wa mjini. Kwa hiyo mnara wa shamba hujengwa mwisho, na ukiharibika huwa mwisho katika orodha ya fundi. Si ubaya wa mtu, ni hesabu ya biashara. Lakini Serikali haikuwekwa kuwa duka. Kwa sababu hiyo mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao huzisaidia kampuni kwa ruzuku ili zijenge pale ambapo faida ni ndogo. Mwezi wa Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 kwa utaratibu huo, na Mfuko umefanya kazi katika shehia za Zanzibar pia.

Hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini sherehe ya kuzindua mnara huwa siku moja, na mnara hutakiwa kufanya kazi miaka 20. Nchi tajiri zimetuonyesha jinsi jambo jema linavyoweza kuanzishwa kwa shangwe na kuachwa kimya kimya. Marekani ilikuwa na mpango wa kuzisaidia familia za kipato kidogo kulipia intaneti, kiasi cha dola 30 kwa mwezi. Familia zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Fedha zilipomalizika Bunge lao halikuongeza nyingine, na mpango ukafa Juni 2024. Ufini, kwa upande wake, ilipita njia nyingine: tangu Julai 2010 sheria inampa kila mkaazi, hata wa kijiji cha msituni, haki ya kuunganishwa na intaneti ya kasi iliyotajwa. Ruzuku hutegemea fedha za mwaka. Haki ina pahala pa kudaiwa.

Hapa petu, tunaona mambo manne ya kudaiwa.

Kwanza ni njia ya pili. Mwaka 2008 na 2009 umeme ulitufundisha kwamba kisiwa hakitegemei waya mmoja. Shehia nayo isitegemee mnara mmoja uliofungwa kwenye mkonga mmoja. Pale ambapo kampuni mbili haziwezi kujenga minara miwili, zishirikiane katika mmoja, ili laini moja ikilala nyingine iwe macho.

Pili ni nishati ya akiba. Umeme ukikatika shamba, mnara usio na betri nzuri au sola hunyamaza baada ya muda mfupi, na watu hukosa umeme na simu kwa pamoja, saa ile ile wanayozihitaji zaidi. Mkataba wa kujenga mnara useme pia utakaa macho saa ngapi baada ya umeme kukatika.

Tatu ni kuzihesabu gharama za kuzima kwa makusudi. Nanga ya meli si adui pekee wa mtandao. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na wananchi wakakaa bila ya huduma hiyo kwa siku kadhaa. Watu wanaweza kutofautiana juu ya sababu. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba hatua ya namna hiyo haichagui: humkuta mchuuzi, mgonjwa na mwanafunzi, na anayeumia zaidi ni yule asiyekuwa na njia nyingine. Kitu kilichokwisha kufanywa mlango wa hospitali, wa skuli na wa benki, hakipaswi kufungwa kama redio.

Nne ni sauti ya mtumiaji mwenyewe. Ipo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na lipo Baraza la kuwasemea watumiaji wa mawasiliano. Utaratibu ni kwamba malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni, na yasipotatuliwa hupelekwa kwenye Mamlaka. Wangapi shamba wanalijua hilo? Mwananchi husema tu "mtandao mbaya leo", akaweka simu chini, kana kwamba ni mvua ya Mwenyezi Mungu. Mtandao si mvua. Umelipiwa, na una wenyewe.

Wenyewe nao wana wajibu wao. Mwizi anayeiba betri ya mnara hakuibia kampuni, kamwibia mjamzito wa shehia yake. Na anayemjua akanyamaza ni mshirika wake. Mkandarasi wa barabara anayechimba bila ya kuuliza mkonga umepita wapi, sheha na wananchi wana haki ya kumsimamisha na kumuuliza. Kenya, majirani zetu, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2021 waliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii yenyewe, ili kijiji kiweze kujiunganisha kwa ushirika pale kampuni zisipofika. Wazo hilo si geni kwetu sisi tuliozoea kuchimba visima na kujenga skuli kwa mikono yetu. Linafaa kutazamwa.

Na wewe wa mjini? Wewe ndiwe mwenye kusikilizwa. Ofisi za kampuni zipo mjini, wakubwa wake wapo mjini, na barua yako hufika mezani asubuhi ile ile. Basi Jumapili hii, utakapompigia mama au ami aliye shamba, usiishie katika kumuuliza hali na kumpelekea bando. Muulize mtandao ulikatika siku gani wiki hii, kwa muda gani, na alikosa nini kwa sababu hiyo. Iandike tarehe. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja, pamoja na jirani zako wenye jamaa katika shehia hiyo, kisha pelekeni orodha yenu kwa kampuni. Na mkikosa jibu, pelekeni kwenye Mamlaka, nakala kwa Mwakilishi wenu. Lalamiko la mdomo husahauliwa; orodha yenye tarehe hutaka jibu.

Wavuvi wetu wana msemo kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Lakini hao hao wavuvi wanajua kwamba chombo kidogo kikilaliwa na upepo, mabaharia huhamia ubavu wa pili wakakilemea, kikasimama, kikaendelea na safari. Upepo haukupungua, wala dau halikukua. Waliokuwamo ndani ndio waliojua pa kukaa.